Angahewa za sayari kwenye Celestia na programu za aina yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa kila ninapofungua laptopu mbele ya watu na kuwazungusha kwenye sayari. Mengi yanahusu Celestia, programu ya bure ya kutembelea sayari na nyota kwenye kompyuta, iliyoanzishwa na Chris Laurel na kutolewa mwaka 2001, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia na ndiyo isiyodharau kompyuta kuukuu. Ukihamia Stellarium au SpaceEngine utakuta vitufe vingine, lakini fizikia ni ile ile. Sikuyapanga kwa ugumu, kwa hiyo ruka upendavyo.

Nimeiwekea Dunia angahewa, mbona inaonekana kama balbu iliyozungushiwa pamba?

Umezidisha unene. Kila anayeanza hufanya hivyo, na mimi nilifanya vibaya kuliko wengi. Niliongeza kimo cha angahewa mpaka Dunia ikawa na duara nene la bluu linalong'aa, nikajiona fundi. Nikaipeleka kuwaonyesha watoto, na mmoja wao akauliza kama Dunia imetundikiwa chandarua. Sikuwa na jibu.

Fanya hesabu hii na kalamu. Tuseme Dunia imechorwa kwenye skrini yako kwa upana wa pikseli 600. Kutoka katikati hadi ukingoni ni pikseli 300, nazo zinasimama badala ya kilomita 6,371. Kwa hiyo pikseli moja inabeba kama kilomita 21. Angahewa yenye kimo cha kilomita 60 itachukua pikseli tatu tu pembezoni, na katika hizo tatu, ile ya ndani ndiyo yenye karibu nuru yote. Ya tatu ni kivuli cha bluu ambacho macho mabovu hayakioni. Ukitaka kuiona angahewa kwa uzuri wake, usiinenepeshe. Sogea karibu na ukingo wa sayari mpaka hizo pikseli tatu ziwe mia.

Basi niandike namba gani kwenye Height, ule mstari wa kimo cha angahewa ndani ya faili la sayari?

Anza na swali jingine: hewa ya sayari hiyo inapungua kwa kasi gani unapopanda juu? Hewa haina paa. Inapungua kidogo kidogo, na kila sayari ina kimo chake ambacho ukikipanda unabaki na kama 37 katika kila 100 ya ulichokuwa nacho chini. Kwa Dunia kimo hicho ni karibu kilomita 8.5. Wanaopanda Kilimanjaro wanakijua kwa mapafu: pale Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, na ukiinua macho utaona mbingu ina bluu nzito kuliko ya Moshi mjini.

Kimo hicho kinategemea mambo matatu: joto, uzito wa molekuli za hewa, na mvutano wa sayari. Joto likizidi hewa inavimba. Molekuli zikiwa nzito au mvutano ukiwa mkubwa, inalala chini. Mirihi ina hewa nzito ya kabonidioksidi na baridi kali, lakini mvutano wake ni kidogo zaidi ya theluthi ya wetu, ndiyo maana kimo chake ni kama kilomita 11, kikubwa kuliko cha Dunia, ijapokuwa hewa yenyewe ni haba sana. Mshtarii ni kama kilomita 27, lakini nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 71,492, kwa hiyo ukingo wake unapaswa kuonekana mkali karibu kama uliokatwa kwa wembe.

Mimi huchukua kimo hicho nikakizidisha mara saba hivi, na hiyo ndiyo Height yangu. Juu ya hapo hewa imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu, hakuna cha kuchora.

Rangi ya bluu inatoka wapi, na kwa nini siwezi kuipaka tu?

Unaweza kuipaka, na matoleo ya mwanzo ya Celestia yalifanya hivyo hivyo. Ukifungua faili la sayari utaona rangi nne: Lower ni ya tabaka la chini likitazamwa kutoka angani, Upper ya tabaka la juu, Sky ni mbingu uliyosimama chini yake, na Sunset ni ya machweo. Kila moja ina namba tatu kati ya 0 na 1, za nyekundu, kijani na bluu. Ni rangi ya ukutani, na ukipaka vizuri inapendeza.

Shida ni kwamba rangi ya ukutani haijui jua liko wapi. Mbingu ya kweli inajua. Lord Rayleigh alieleza mwaka 1871 kwamba molekuli za hewa hutawanya zaidi nuru ya mawimbi mafupi, na tofauti yake si ndogo: ukigawanya urefu wa wimbi kwa mbili, mtawanyiko unaongezeka mara 16. Bluu ya nanomita 450 inatawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu ya nanomita 650. Mchana nuru inapita hewa kidogo, bluu inatapakaa mbingu nzima. Jioni jua likiwa kwenye upeo, nuru yake inapita hewa karibu mara 38 ya ile ya utosini, bluu inaishia njiani, na kinachokufikia ni chungwa na wekundu. Kanuni moja inazaa mchana na machweo. Ukipaka, utapaka mara mbili na mishono itaonekana.

Chembe kubwa zaidi, yaani vumbi, moshi, chumvi ya bahari na matone ya ukungu, zina tabia nyingine iliyopigiwa hesabu na Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908. Hizi hazichagui sana rangi, ila zinasukuma nuru mbele. Ule weupe unaolizunguka jua wakati wa kiangazi, wakati mashamba yanachomwa na vumbi limetanda, ni kazi yake. Matoleo ya baadaye ya Celestia yana sehemu za yote mawili: Rayleigh, Mie, MieScaleHeight, MieAsymmetry, na Absorption kwa ajili ya nuru inayofyonzwa. Kwenye MieAsymmetry kuwa mwangalifu. Programu hazikubaliani kama kusukuma mbele kuandikwe kwa alama ya kutoa au ya kujumlisha. Weka jua mbele yako, tazama mng'ao ulipo, geuza alama, tazama tena.

Mirihi yangu ina mbingu ya bluu. Nimekosea?

Kama ni mchana, umekosea, lakini una wenzako wakubwa. Chombo cha Viking 1 kilipotua Julai 1976, picha ya kwanza ya rangi ilitolewa ikiwa na mbingu ya bluu, kwa kuwa waliorekebisha rangi walikuwa na mazoea ya mbingu ya nyumbani. Baadaye ikasahihishwa ikawa na weupe mwekundu kama wa samaki aina ya salmoni. Hewa ya Mirihi ina mgandamizo chini ya asilimia moja ya wetu, kwa hiyo mtawanyiko wa Rayleigh karibu haupo. Mbingu pale inachorwa na vumbi, na vumbi lenyewe lina kutu.

Kichekesho ni machweo. Vumbi lile lina ukubwa wa kama mikromita moja na nusu, na kwa ukubwa huo bluu inabaki karibu na uelekeo wa jua kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo jua la Mirihi linazama ndani ya duara la bluu lililopauka huku mbingu iliyobaki ikiwa hudhurungi. Chombo cha Spirit kilipiga picha hiyo mwaka 2005, na Curiosity mwaka 2015. Ni kinyume kabisa cha kwetu, na ukiwaonyesha watu bila kuwaeleza wataona umeharibu programu.

Haya ni makadirio yangu kwa njia ya rangi za kupaka. Yaandike kwenye faili jipya lenye jina linaloishia na .ssc, uliweke ndani ya folda ya extras:

```
Modify "Mars" "Sol"
{
    Atmosphere
    {
        Height 70
        Lower  [ 0.72 0.55 0.42 ]
        Upper  [ 0.50 0.38 0.32 ]
        Sky    [ 0.80 0.66 0.50 ]
        Sunset [ 0.60 0.68 0.80 ]
    }
}
```

Angalia mstari wa Sunset: namba kubwa iko mwisho, kwenye bluu. Ukiandika upya faili la Dunia, ni kinyume.

Nitajuaje kama machweo yangu ni ya kweli?

Toka nje. Sina jibu bora kuliko hilo, na wanaoishi karibu na ikweta wana bahati. Jua letu linashuka karibu wima, kwa hiyo jioni nzima inapita mbele yako kwa muda mfupi. Jiweke Dar es Salaam ndani ya programu, weka saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha uende ufukweni siku hiyo hiyo na simu yenye picha ya skrini.

Vitu vya kutazama ni hivi. Dakika ishirini na kitu baada ya jua kuzama, bado unaona kusoma kwa shida. Giza kamili la wanajimu, jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, linahitaji saa moja na robo hivi, kwa sababu jua husogea digrii 15 kwa saa. Kama programu yako inazima mbingu kama taa, ina kasoro. Ukihamishia programu hiyo hiyo London mwezi wa Juni, giza hilo halipaswi kuingia usiku kucha. Huo ni mtihani mzuri, na programu kadhaa nilizozijaribu zilianguka. Kwa Mashafii wa pwani hili si jambo geni hata kidogo, maana Isha huingia wekundu wa magharibi ukishatoweka. Wazee walitazama angahewa kwa umakini kuliko sisi wenye kadi za michoro.

Kitu cha pili ni utosini. Jua likishazama, wengi wanatarajia mbingu yote iwe ya kijivu au manjano, na hesabu ya Rayleigh peke yake inakupa hivyo. Mbingu ya kweli juu ya kichwa chako inakuwa bluu ya kina, ile ya kitambaa kipya cha kaniki kabla hakijafuliwa. Mmarekani Edward Hulburt alionyesha mwaka 1953 kwamba bluu hiyo inatokana zaidi na ozoni, ambayo hufyonza manjano na chungwa nuru ikipita kimshazari kwenye tabaka lake la juu. Bila ozoni, machweo ya kompyuta yanakuwa machafu na hutajua kwa nini. Mimi nilihangaika miezi nikibadilisha rangi, kumbe kilichokosekana kilikuwa kufyonza.

La tatu: hewa inapinda nuru. Karibu na upeo inainua picha ya jua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, ambao ni upana wa jua lenyewe. Ukiona jua limegusa bahari, kwa hesabu limeshazama. Stellarium inalihesabu jambo hili. Ukibonyeza herufi A kuondoa angahewa na jua likashuka ghafla, usidhani ni hitilafu.

Kuna sayari ambayo ukungu mnene ndio ukweli?

Ipo, ingawa ni mwezi: Titan wa Zohali. Nusu kipenyo chake ni kilomita 2,575, na chombo cha Cassini kiliona tabaka jembamba la ukungu lililojitenga kwenye kimo cha kilomita 500 hivi. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa tano ya nusu kipenyo! Mvutano wake ni mdogo, hewa imevimba, na mgandamizo chini kabisa ni mara moja na nusu ya wetu. Hapa neneshe bila aibu, rangi ya chungwa bivu, na juu yake mstari mwembamba wa zambarau. Chombo cha Huygens kilipotua pale Januari 14, 2005 kilikuta mwanga hafifu wa chungwa, hakuna vivuli vikali. Kwa hiyo ukisimama chini usione Zohali. Najua inauma, kila mtu anataka ile picha ya pete juu ya ziwa.

Zuhura nayo ni nzito, mgandamizo kama mara 90 ya wetu, lakini kutoka nje unaona mawingu ya asidi ya salfuriki tu. Shughulika na mawingu. Yanaizunguka sayari kwa siku nne hivi za Dunia, na kwa kuwa CloudSpeed ya Celestia inapimwa kwa digrii kwa siku, gawanya 360 kwa 4, andika 90. Basi.

Pluto haina hewa ya kujivunia, lakini chombo cha New Horizons kilipogeuka nyuma Julai 2015 kiliona ukungu wa bluu wa matabaka mengi, uliopanda zaidi ya kilomita 200. Uchore hafifu sana, uonekane jua likiwa nyuma yake tu.

Neptune ni bluu nzito au bluu mpauko?

Mpauko, karibu sawa na Uranus, bluu yake ikizidi kidogo. Ile bluu ya wino tuliyokua nayo ilitoka kwenye picha za chombo cha Voyager 2 za mwaka 1989, zilizokolezwa makusudi ili mawingu yaonekane. Maelezo ya kukoleza yalikuwepo, yakapotea njiani. Timu ya Patrick Irwin wa Oxford ilirekebisha rangi hizo katika utafiti uliotoka Januari 2024. Ramani nyingi za kupakua bado ni za zamani, kwa hiyo zipunguze rangi mwenyewe kwenye programu ya kuhariri picha.

Anga yangu ya jioni ina mikanda mikanda kama ngazi. Kadi ni mbovu?

Kadi haina kosa. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi, na mbingu ya usiku unaoingia inatumia chache tu kati ya hizo. Ikiwa bluu yako inatoka ngazi ya 10 hadi ya 30 kwenye skrini yenye mistari 1,080, kila ngazi inachukua mistari 54, na jicho linaiona mipaka yake. Dawa ni kunyunyizia chengachenga hafifu zisizo na mpangilio, kabla ya namba kukatwa, mipaka ikatike. Programu nyingi zina kitufe cha hilo kwenye mipangilio. Ukipiga picha ya skrini, ihifadhi kama PNG. JPEG inarudisha mikanda uliyoifukuza.

Mawingu yanapepesuka na kuingiliana na ardhi nikiwa mbali. Kwa nini?

Kompyuta inashindwa kuamua kipi kiko mbele. Kadi za michoro hutumia namba zenye usahihi wa tarakimu saba hivi, na ukianzia katikati ya Dunia, namba hiyo haiwezi kutofautisha vitu vilivyo chini ya nusu mita. Ukitazama kutoka mbali sana usahihi wa kina unazidi kupungua, mpaka wingu la kilomita 7 na ardhi vinakuwa kitu kimoja. Inua CloudHeight kidogo. Ni udanganyifu, ila hakuna atakayeuona.

Laptopu yangu inaganda nikiwasha angahewa. Nifanyeje?

Kwanza elewa kinachoichosha. Kwa kila pikseli ya mbingu, programu inatembea kwenye mstari wa macho yako, inasimama mara kadhaa, na kila kituo inauliza nuru ya jua iliyofika hapo imepoteza kiasi gani njiani. Vituo kumi na sita mara pikseli milioni mbili, kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini. Halafu nuru iliyotawanywa hutawanywa tena na tena, na hapo hesabu hailipiki.

Mwaka 2008 Eric Bruneton na Fabrice Neyret walionyesha njia ya kupiga hesabu yote mapema, pamoja na ile nuru ya mara ya pili na tatu, na kuihifadhi kwenye majedwali. Ni kama mtoto aliyekariri jedwali la kuzidisha: hahesabu saba mara nane kwa vidole, anasoma tu kichwani. Mwaka 2020 Sébastien Hillaire alifanya majedwali hayo kuwa madogo kiasi cha kuhesabiwa upya kila fremu, hata kwenye simu. Kama programu yako ina njia ya namna hiyo, ichague.

Kwenye Celestia za 1.6, bonyeza Ctrl+V kubadili njia ya uchoraji mpaka upate inayokwenda vizuri. Ctrl+A inazima angahewa, I inazima mawingu. Mara nyingi mzigo ni mawingu yenye picha kubwa mno, si angahewa. Weka ramani ndogo.

Nyota zinapotea mchana. Naweza kuziacha?

Unaweza, ila utakuwa umechora kitu ambacho jicho haliwezi kuona. Hata mwezini, kusiko na hewa wala mbingu ya bluu, picha za Apollo hazina nyota, kwa kuwa kamera ilipangwa kwa ardhi inayong'aa juani.

Sayari za nje ya mfumo wetu je?

Hapo ubunifu unaruhusiwa, ila uwaambie watazamaji. Rangi tunazozijua kwa kupima ni za kuhesabika. Mojawapo ni HD 189733 b, ambayo darubini ya Hubble ilibaini mwaka 2013 kuwa ya bluu iliyokoza. Usikimbilie kuichorea bahari: ni jitu la gesi lenye joto la zaidi ya digrii 900, na bluu yake inahusishwa na ukungu wa chembe za silika.

Nimeandika faili langu na hakuna kilichobadilika.

Hesabu mabano. Kila linalofunguka lifungwe, na katika mfano wa Mirihi hapo juu yale ya mikunjo yanafungwa mara mbili mwishoni. Kisha tazama jina la faili. Windows hupenda kuliongezea .txt kimya kimya, na Celestia hulipita kama halipo. Jina la sayari liandikwe kwa Kiingereza kama lilivyo ndani ya programu. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa kuandika "Mirihi".